Kifungo cha Tisa

Droni ya Ijumaa iliniletea vifungo tisa, chumvi, sabuni ya kipande na betri za redio. Niliisalimia kama kawaida yangu. Mtu akikaa miaka mitatu mlimani na watoto wawili tu wa kuongea nao, anafika mahali anaisalimia droni, na mbaya zaidi anaiona haina adabu kwa kutoitikia.

"Mama, masomo yamekuja?" Bupe aliuliza kutoka mlangoni. Ana miaka saba na hapendi nijue jambo lolote kabla yake.

"Yamekuja. Subiri niyaonje."

"Uonje haraka basi."

Kuonja ni sheria ya Ofisi ya Masomo ya Nyumbani, na kwa hilo sina ugomvi nao. Hakuna mama anayempa mtoto uji bila kuugusisha kwanza mdomoni mwake mwenyewe. Masomo ya afya nayo ni hivyo hivyo. Unavaa fulana ya somo, unapachika kifungo kifuani, unakaa kwenye kiti, na mwili wako unasikia kitu alichowahi kukisikia mtu mwingine mahali pengine: kiu yake, homa yake, usingizi wake. Mtoto wa miaka mitano ukimfundisha homa kwa maneno, atakariri neno na kukuimbia na wimbo wake, halafu siku akiwaka moto atajificha chini ya blanketi akidhani ni baridi tu. Lakini akishaisikia homa ya mtu kwa dakika tano, kwa nguvu ya robo, siku yake mwenyewe ikifika atakufuata jikoni akuambie imeingia.

Kati ya vifungo tisa nilitakiwa kuchagua sita. Vinavyokataliwa vinarudi na droni. Kinachokubaliwa unakibonyeza mara tatu, kinajipima upya kwa miili ya watoto wako, na kuanzia hapo mtu mzima akikivaa hasikii kitu.

Niseme kosa langu mapema, maana baadaye nitakuwa na mengine ya kusema. Sikuvionja vyote. Kifungo cha pili kiliandikwa Njaa, nikacheka peke yangu. Njaa gani hiyo nisiyoijua mimi, mtoto wa saba katika nyumba ya watoto kumi na mmoja? Nikakibonyeza mara tatu bila kukivaa, na kwenye fomu nikaandika kwamba nimekionja. Watoto wakalipata somo mchana ule ule, wakanijia mbio wote wawili kunieleza kwamba njaa ina mahali pake tumboni na hasira ina mahali pake, na kwamba watu wengi wanazichanganya. Nikawaambia vizuri sana, nendeni mkanawe.

Vingine nilivionja kwa haki. Kiu, Homa, Meno na Usingizi nilivikubali. Masikio nilikikataa, maana aliyerekodiwa alikuwa mtu wa kujikuna, na wanangu wanajikuna vya kutosha bila kufundishwa. Viwili vingine vilikuwa vya mbu, na huku juu mbu hawafiki. Kikabaki cha tisa, kilichoandikwa Vumbi la Nyavu.

Kwa hicho nilifunga mlango wa stoo kabla ya kukipachika.

Sisi ni walinzi wa nyavu za ukungu, Kituo cha Kumi na Mbili. Nyavu zimesimama juu ya ukingo nyuma ya nyumba, ndefu kama jengo la ghorofa mbili. Zinakamata ukungu, na maji yake yanateremka kwa mabomba hadi mashamba ya bondeni. Jirani yangu wa karibu ni Kituo cha Kumi na Moja, mwendo wa kutwa nzima. Mwezi wa kumi ukungu unakatika, nyavu zinakauka, na dawa iliyopakwa kwenye nyuzi zake inapukutika kuwa vumbi. Vumbi lile halina harufu wala haliumi. Vidole vinaingia ganzi, koo linawasha kidogo, kisha unashikwa na uchovu mtamu, unatamani kukaa chini upumzike. Wanaokaa hawainuki. Mume wangu Ambokile alikaa.

Nilikipachika kifungo nikiwa nimejiandaa kusikia ugonjwa wa mtu nisiyemjua. Kwanza nilisikia buti zinazobana vidole. Halafu miguu ikaanza kupanda ngazi, nami nikawa nahesabu vipago bila kukusudia. Nilipofika cha kumi na tatu, mguu wa kulia ulinyanyuka juu zaidi, ukaruka pengo, ukatua kipago cha kumi na tano.

Ngazi ya nyavu zetu iko mbele ya dirisha la jikoni. Ina vipago ishirini na tatu, na cha kumi na nne hakipo. Nililalamika mwaka mzima kuhusu hicho kipago. Ambokile alikuwa ananiambia, nitakitengeneza wiki ijayo, mama Bupe.

Baada ya hapo sikuwa na haja ya ushahidi mwingine, lakini niliupata. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na hisia hata kabla ya vumbi, kwa sababu waya ulikikata mwaka wetu wa kwanza. Koo lilisafishwa mara mbili, fupi fupi, kama alivyofanya kila asubuhi akinisubiri niamke. Moyo wake niliujua pia. Nimelala nao sikioni miaka sita.

Chini ya mbavu kulikuwa na kitu kingine. Fundo, gumu kama ngumi, nalo halikulegea dakika zote tisa. Somo lilikatika pale magoti yalipoanza kukunjika, maana ni somo la watoto na halimfikishi mtu mwisho. Nikabaki nimekaa stoo kati ya magunia ya maharage, fulana imenibana, nikilia na kucheka.

Lile fundo nililitambua, au nilidhani nimelitambua. Asubuhi ile tuligombana. Mimi nilitaka tushuke bondeni, watoto wakue na watoto wenzao. Yeye alitaka msimu mmoja zaidi. Nilinuna. Nilipika uji nikawapa watoto, yeye sikumkaribisha. Alizunguka zunguka jikoni kidogo, akavaa buti, akatoka. Kwa miaka mitatu nimejiuliza alikufa akiwa na hasira na mimi kiasi gani. Sasa nilikuwa nimelipata jibu, gumu kama ngumi, chini ya mbavu.

Kesho yake nilikionja tena, na keshokutwa yake pia.

* * *

Redio yetu hufunguka Jumatano saa nne asubuhi. Mwalimu Luvanda ndiye mshauri wa masomo wa vituo vyote kumi na viwili. Sijawahi kumwona uso, lakini najua anakunywa chai akiongea na kwamba ana mafua yasiyoisha.

"Kamwene, mama Bupe."

"Kamwene, mwalimu."

"Watoto wazima?"

"Wazima kabisa. Na nyumbani kwako?"

"Tupo, tunamshukuru Mungu. Sasa mama Bupe, sitaki nionekane msumbufu. Umeidhinisha vitano, umerudisha vitatu. Kimoja hakijaidhinishwa na hakijarudi. Hii ni wiki ya tatu."

"Naendelea kukionja."

"Kifungo kinaonjwa mara moja, mama."

"Kwangu kimehitaji zaidi."

Akanywa chai. Nikaona nimuulize tu, kwa kuwa nilikuwa nimelifanyia swali lile mazoezi mbele ya kuku. "Mwalimu, hiki cha tisa mlimrekodi nani?"

"Waliorekodiwa hawana majina kwetu. Wana namba."

"Hiyo namba ina kidole gumba cha kushoto kisichosikia. Inaruka kipago cha kumi na nne. Inasafisha koo mara mbili. Niendelee?"

Nikasikia kikombe kinawekwa mezani. Alipoongea, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Fulana za kazi zinarekodi kila kitu. Kwenye mkataba kuna mahali mfanyakazi anakubali kumbukumbu zake zitumike kwa mafunzo. Marehemu alikubali."

"Na mimi nilikubali wapi?"

"Hatukukuuliza, mama Bupe. Tulipaswa kukuuliza. Ofisi iliogopa utakataa, na hakuna mwingine. Wote waliowahi kukaa walikuwa wamevua fulana kwa ajili ya joto. Yeye peke yake alibaki na yake."

Alibaki nayo kwa sababu Ambokile alikuwa mtu wa baridi. Alilala na sweta hata mwezi wa kumi, nami nikamcheka mbele ya wageni.

"Kwa hiyo mlimchukua mume wangu," nikasema, "mkamkatakata mkapata dakika tisa, mkamtia kwenye kifungo, mkaniletea na chumvi na sabuni."

"Ndiyo," alisema Mwalimu Luvanda. Namsifu kwa hilo. Hakutafuta neno lingine.

"Vituo vingine wamekipokea?"

"Vyote kumi na kimoja. Watoto thelathini na wanne wameshajifunza."

Nilitegemea nisikie hasira, nikasikia wivu. Watoto thelathini na wanne wa watu wameshapanda ngazi yangu ndani ya mwili wa mume wangu, wanalijua koo lake, na watoto wake wenyewe hawamjui. Mdogo wake Bupe, Lwitiko, alikuwa na miaka miwili alipofariki baba yake. Ukimuuliza, atakuambia baba alikuwa mrefu, kwa sababu mimi nilimwambia hivyo.

"Ukikikataa nitakuelewa," Mwalimu aliendelea. "Fomu nitaijaza mwenyewe, hakuna atakayekuhoji. Ukikikubali nitashukuru. Ila kukaa nacho mfukoni, mama yangu, hapana. Ukungu unaisha. Huyo mdogo umri wake ndio ule wa kutangatanga."

"Nitaamua."

"Lini?"

Nikamwambia betri zinakwisha. Hazikuwa zinakwisha.

Mambo yalikuwa hivi, na niliyajua. Nikikibonyeza mara tatu, nitakuwa nimeyatia mauti ya baba yao kwenye vifua vya watoto wangu kwa mkono wangu, na mimi mwenyewe sitamsikia tena. Nikikirudisha, atarudi kuwa namba, na wanangu watakaa chini ya nyavu zile bila kujua kinachowakalisha. Maneno walikuwa nayo. Walijua kuniimbia kwamba vumbi ni hatari. Nikachagua njia ya tatu, ambayo ni kutochagua, na kila siku baada ya chakula cha mchana nikawa naingia stoo.

* * *

Jumamosi jua liliwaka mapema, ukungu haukuja kabisa. Niliwaambia watoto wachambue maharage mbele ya nyumba, wasivuke jiwe jeupe. Siku ile sikungoja hata mchana. Nikaingia stoo nikafunga.

Fulana ya somo inaufunika mwili wako kwa mwili wa mwingine. Ukiwa ndani yake huisikii miguu yako, na sauti za nje zinakufikia zimechelewa. Nilikuwa kwenye kipago cha ishirini na moja niliposikia mlango unagongwa. Nikajiambia dakika moja tu. Nikafika juu, nikafunga waya, nikasafisha koo mara mbili. Mlango uliendelea kugongwa, sasa kwa ngumi zote mbili.

Nilipofungua, Bupe alikuwa na maharage kiganjani bado.

"Mama, Lwitiko amekaa."

Sentensi hiyo katika nyumba nyingine haina maana yoyote. Nilikimbia na fulana mwilini, miguu yangu ikiwa bado nusu ya Ambokile, nikaanguka mara mbili kabla ya jiwe jeupe. Nilimkuta chini ya wavu wa sita, mgongo kwenye nguzo, miguu ameinyoosha mbele. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amemfuata kuku, na kuku mwenyewe alikuwa amesharudi nyumbani zamani.

"Napumzika kidogo, mama," alisema.

Nilimfinya kidole kwa ukucha, hakushtuka. Nilimbeba, nikashuka naye, nikamvalisha barakoa ya hewa, nikaikaza huku Bupe akifungua mtungi kama nilivyomfundisha. Alilala macho wazi karibu saa nzima. Kisha akaanza kulia kwamba vidole vinamchoma. Kilio kile nilikipenda.

Baadaye, alipokuwa ameketi mapajani pangu, nilimuuliza alisikiaje kule juu.

"Nilisikia vizuri."

"Hukusikia kuumwa popote?"

"Hapana. Nilisikia vizuri tu. Nilitaka kukaa."

Alikuwa anauimba wimbo wa vumbi tangu akiwa na miaka mitatu, ubeti kwa ubeti. Wala hakukaidi. Ugonjwa ulimjia na sura ya kupumzika, na hakuna aliyewahi kumwonyesha sura hiyo. Aliyeweza kumwonyesha nilikuwa nimemfungia stoo nakaa naye peke yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na sikuwa na mtu mzima wa kumwambia.

* * *

Jumapili, baada ya kuosha vyombo vya mchana, nilikitoa kifungo mfukoni. Nilitamani kukivaa mara moja ya mwisho. Nilijua pia kwamba mara hiyo ya mwisho ingezaa nyingine. Nikakibonyeza. Moja. Mbili. Kabla ya ya tatu nilikishika kidogo, kikapata joto la mkono wangu, halafu nikamaliza. Nilikiweka kifuani pangu kuhakikisha. Hakikuwa na kitu. Nilimzika mara ya pili, nikiwa nimesimama jikoni na taulo ya vyombo begani.

"Somo la mwisho," niliwaambia watoto. "Hili ni gumu. Kuna mtu anapanda kazini, vumbi linamkuta. Mtasikia vidole, mtasikia koo, mtasikia hamu ya kukaa. Hiyo hamu ndiyo mnayotakiwa kuikumbuka. Mkiisikia siku yoyote, hamkai. Mnashuka."

Bupe alivaa kwanza. Nilikaa mbele yake nikimwangalia. Nyayo zake zilianza kupanda pale sakafuni, moja baada ya nyingine, nami nikahesabu kimya kimya. Kwenye cha kumi na nne alinyanyua mguu wa kulia juu, akaruka. Nilijishika mdomo. Kisha akasafisha koo, mara mbili, fupi fupi.

Dakika ya tisa alisimama ghafla kwenye kiti. "Hapa!" alisema. "Hapa ndipo pa kushuka, mama!"

"Hapo hapo, mwanangu."

Lwitiko alivaa baada yake. Yeye hakungoja dakika ya tisa. Kwenye ya saba alikuwa ameshaanza kulia, akijaribu kuivua. "Ndiyo hii," alisema. "Ile ya kwenye wavu ndiyo hii." Nilimvua, nikamkumbatia mpaka akatulia. Mtoto yule hatakaa tena chini ya nyavu, hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu.

Nilikuwa nakunja fulana Bupe aliposema, "Mama, yule mtu hakuwa amekula."

"Mtu gani?"

"Wa kwenye somo. Alikuwa na njaa."

Nikaendelea kukunja. "Ile siyo njaa, Bupe. Ile chini ya mbavu, ngumu? Alikuwa amekasirika. Kuna mtu alimuudhi asubuhi."

"Hapana, mama." Alinijia, akaweka kiganja chake tumboni pangu kama mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi mzito. "Hasira inakaa huku juu, inapanda shingoni, na inachoma. Hii iko huku. Inabana, inaachia kidogo, inabana. Ni njaa. Si tulijifunza? Kwani wewe hukuionja?"

"Njaa tupu," alisema Lwitiko huku akijifuta kamasi. "Hata mimi nimeisikia."

Nilimuuliza Bupe ana uhakika kwamba huku juu, shingoni, hapakuwa na chochote. Aliufikiria mwili ule kwa makini, macho ameyafumba.

"Hakuna. Alikuwa anataka kula tu."

Nikakaa sakafuni. Miaka mitatu nimebeba hasira ya Ambokile, nimeamka nayo na kulala nayo, nimeipa hadi sauti. Haikuwahi kuwepo. Kulikuwa na mtu aliyepanda kazini bila kifungua kinywa. Ilinipunguzia mzigo, na papo hapo ikaniongezea mwingine, kwa sababu uji ulikuwepo.

"Kwa nini hawakumpa chakula?" Lwitiko aliuliza.

Ningeweza kusema sijui. Wangekubali, wangekwenda kucheza, na baba yao angebaki mtu wa kwenye somo kama alivyo kwa wale thelathini na wanne.

"Yule ni baba yenu," nikasema. "Uji ulikuwa jikoni. Mimi ndiye sikumpa. Nilikuwa nimenuna."

Bupe aligeuka akaiangalia ngazi dirishani, muda mrefu, midomo ikihesabu. Lwitiko alikuja karibu, akanishika kidole gumba cha kushoto, akakifinya finya kama anayekijaribu.

"Ulimaliza wote?" aliuliza.

"Nini?"

"Uji. Ulimaliza wote, au ulimwekea?"

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote habari ile, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. "Nilimwekea," nikasema. "Kwenye bakuli lake. Niliufunika na sahani ili usipoe, nikaweka kijiko juu."